Laini ya Maji na Laini ya Nguo

Hili neno "line" Waingereza walituachia, na sisi hatukuwarudishia. Tuliligeuza likawa laini, kisha tukalitwisha mizigo kama punda wa mkokoteni. Foleni ni laini. Kadi ya simu ni laini. Njia ya matatu ni laini. Kamba ya kuanikia nguo ni henginglaini, na ukiwa na haraka ni laini tu. Marehemu mama yangu, ambaye wazee wake walitoka pwani wakaja kukaa Majengo, hakupenda kabisa. Kwake yeye laini ilikuwa ngozi ya mtoto, au unga uliochekechwa vizuri, au maneno ya mtu asiyependa shari. Tukitamka ile ya Kizungu alikuwa akitukatiza: "Laini ni kitu ambacho ukikigusa hakikuumizi." Alifariki akiwa bado anatusahihisha.

Mimi nataka kusema habari za laini mbili, ya maji na ya nguo. Kuna wiki nilianguka chumbani kwangu, nikalala sakafuni nisiweze kuinuka, mlango nimeutia komeo. Uhai wangu ulibaki kumtegemea mtu yeyote atakayeshtuka kwamba sionekani. Ni hilo tu, mtu ashtuke. Si kazi kubwa, lakini ngojeni niwaambie.

Nilizaliwa kwenye laini. Nyumba za kanjo, yaani za baraza la mji, zilijengwa safu safu, na kila safu iliitwa laini, hivyo mtu alijulikana kwa laini yake kabla ya kujulikana kwa baba yake. Sisi tulikuwa watu wa laini ya tatu. Milango ilitazamana, karibu kiasi kwamba mama akikohoa jirani anauliza kama amekunywa tangawizi. Jioni kila nyumba ilitoa jiko nje kuwasha makaa. Jiko lenu lisipotoka, mtu alikuwa mlangoni kabla ya magharibi: "Mbona leo hamjawasha? Kwema?" Mara nyingi ulikuwa udaku mtupu, mtu anataka kujua kama tumekosa unga. Mama alichukia sana. Alisema watu wa laini hii hawana kazi, wamekaa kuchungulia moshi wa wenzao. Nami nikachukia pamoja naye, nikaapa kwamba nikiwa mkubwa nitakaa mahali ambapo hakuna anayejua kama nimepika au nimelala njaa.

Niliyoyaomba niliyapata. Sasa nakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya nne, chumba kimoja, singo. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita. Binti yangu yuko Saudia, anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, na hunipigia Ijumaa baada ya swala akipewa nafasi. Kwenye korido yetu milango ni mingi kuliko ya laini nzima ya utotoni mwangu, lakini ni milango ya chuma. Inafungwa alfajiri watu wakienda kazini, inafunguliwa jioni wakirudi, kisha inafungwa tena. Nikisalimia wananijibu kwa adabu. Wananiita shosh, yaani nyanya, hata wale wenye mvi zao. Mwanzoni nilikuwa nikiwauliza, "Shosh ya nani?" Siku hizi nimechoka kuuliza, naitikia.

Maji ya ploti yetu, yaani jengo letu zima, hufunguliwa Jumanne na Ijumaa, kwenye bomba moja lililoko chini uani. Lakini huhitaji kusimama hapo mwenyewe. Jioni ya kuamkia siku ya maji unashusha mitungi yako, unaipanga kwenye laini, unapanda kulala. Mtungi ndio unaokusimamia. Maji yakija, waliopo wanaisukuma mitungi yote mbele, ya waliopo na ya wasiokuwepo, na hakuna anayeruka mtungi wa mwenzake. Akijaribu atasikia matusi mpaka ya babu yake. Sisi wenye magoti mabovu wanatujazia na kutupandishia hadi mlangoni, bila kudai chochote. Mitungi yangu ni miwili, ya manjano, nimefunga kitambaa chekundu kwenye mpini, na ploti nzima wanaijua. Nilikuwa naringa nayo, kusema kweli. Nilimwambia binti yangu, "Usinihurumie, mwanangu. Watu wa hapa wana utu. Hata nisiposhuka, mtungi wangu unasonga."

Laini ya nguo ni habari nyingine. Laini hizo ziko juu kabisa ya ploti, kwenye simiti tupu karibu na matangi, na utu wa watu wetu haupandi ngazi kufika huko. Msimamizi wa ploti aligawa laini moja kwa nyumba mbili. Mimi akaniunganisha na mwanamke wa ghorofa ya tano, anayeishi juu ya kichwa changu. Alikuwa msichana bado, umri wa kuwa mjukuu wangu wa kwanza kama ningekuwa naye, mwenye mtoto mchanga na mume anayelinda usiku. Jioni yeye mwenyewe alikuwa akikaanga chipsi kando ya barabara na mtoto mgongoni. Mdomo alikuwa nao. Nguo za mtoto mchanga mnazijua, haziishi, kwa hiyo kila nikipanda nakuta leso zangu zimesukumwa pembeni zikakunjamana, na pegi zangu zinashika nepi za watu.

Tuligombana kila wiki. Nilimwambia laini ni nusu yangu, akaniambia nusu ni ya mtu mwenye nguo. Nilimwambia amlee mtoto wake kwa adabu ya majirani, akaniambia mtoto wake hajui majirani, anajua kukojoa. Siku moja akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema, "Shosh, wewe uko peke yako. Nguo zote hizi unavalia wapi?"

Kugombana nimezoea, lakini lile neno peke yako lilinichoma. Nilishuka na beseni langu, nikakaa kitandani nikalia kama mjinga. Kesho yake nikapanda kabla hajaamka, nikaanika laini nzima, hata matambara ya kupigia deki.

Sasa hiyo wiki. Jumatatu mchana nilifua blanketi langu zito na leso mbili, nikaanika, na blanketi likachukua laini karibu yote, makusudi. Jioni nikashusha mitungi yangu, nikaipanga nyuma ya mitungi mingine, nikapanda polepole nikishika ukuta. Jumanne alfajiri niliamka kutia udhu. Presha yangu ni ya siku nyingi. Nilipoinuka kitandani nikaona chumba kinageuka, nikatafuta pa kujishikia, nikashika hewa. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala ubavu kati ya kitanda na meko, nyonga inawaka moto, na mguu mmoja haunisikii ninachouambia.

Simu ilikuwa juu ya kabati, mbali na mkono wangu. Nilipiga kelele. Lakini asubuhi ya Pipeline mnaijua: redio za watu, wanafunzi wanakimbia ngazi, mtu wa kuchomelea vyuma ameshaanza chini, na pale ng'ambo kuna mhubiri mwenye spika. Sauti yangu niliisikia mimi mwenyewe tu. Nikagonga sakafu kwa mfuniko wa sufuria. Nadhani wa chini walifikiri kuna mtu anagongomea msumari, maana katika ploti hii hakukosi mtu anayegongomea msumari. Nikachoka, nikasema ngoja maji yaje. Siku ya maji watu watanikosa.

Maji yalikuja. Nilisikia kelele za uani, nikasikia mitungi ikiburutwa, na nikajua yangu nayo inasukumwa mbele pamoja na mingine. Baadaye nikasikia miguu ya watu wawili kwenye korido, wakihema. Mtungi wa kwanza ukatua mlangoni kwangu, kisha wa pili.

"Maji ya shosh hayo," mmoja akasema.

"Mgongee basi."

"Aah, mwache alale. Wazee wanahitaji usingizi."

Nikasema niko hapa. Nilisema, wallahi, lakini ilitoka hewa tu. Miguu ikaondoka, na aliyesema mwache alale alikuwa anatembea kwa vidole ili asinisumbue. Upole huo niliusikia vizuri kabisa nikiwa sakafuni.

Kuanzia hapo kila aliyepita koridoni aliona mitungi yangu imejaa imepangwa mlangoni, na akaridhika. Mtu mwenye maji mlangoni ana shida gani? Jioni mmoja aliisogeza ukutani watu wasije wakajikwaa. Nilisikia ikisogezwa. Nilikuwa na kiu ambayo sijawahi kuijua hata kwenye Ramadhani za jua kali, na maji yangu mwenyewe yako upande wa pili wa mlango, karibu kiasi cha kunyoosha mkono. Nilijivuta. Ilinichukua muda mrefu na nililia njiani, lakini nikafika mlangoni. Komeo liko juu. Nikalilaani komeo na fundi aliyeliweka.

Jumatano mvua ikanyesha. Simu ikaita juu ya kabati, ikaita mpaka ikanyamaza, na nikajua ni binti yangu kwa sababu hakuna mwingine anayenipigia. Baadaye aliniambia kwamba aliota vibaya akataka kunisikia. Nilipokosa kushika alisema moyoni, hii ni laini tu inasumbua, nitapiga Ijumaa. Simlaumu. Mimi nilikuwa nimelala na shavu kwenye simiti, nikiwaza mambo ya ajabu. Niliiwaza ile laini ya tatu, na wale wanawake waliokuwa wakija kuchungulia jiko letu. Nilikuwa tayari kumpa mmoja wao kila nilicho nacho aje kuniuliza kama nimepika. Nikawaza pia blanketi langu huko juu linanyeshewa, nikasema basi, hilo nalo limekwenda. Nikatoa shahada, nikangoja.

Alhamisi mchana mlango ukapigwa kwa teke.

"Shosh. We shosh. Kuja utoe blanketi yako. Imenyeshewa tangu jana na imelala kwa laini yote. Mtoto wangu hana nguo hata moja kavu."

Nikakusanya mate.

"Najua uko ndani, maji yako hii hapa. Unaninyamazia? Kwani laini ni ya babako?"

"Na wewe, ni ya babako?" nikasema.

Sijui sauti ilitoka wapi. Siku zile zote za kuomba msaada haikutoka, na sasa ikatoka kwa ajili ya kujibu ujeuri. Huko nje akasogea mlangoni. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Shosh, mbona unaongelea huko chini?"

Nikasikia amepiga magoti, kisha amelala kifudifudi kwenye ile korido chafu. Kuna upenyo chini ya mlango wangu, ndio ambao panya huingilia. Tukaonana jicho kwa jicho.

"Uko sawa?" akaniuliza.

"Ningekuwa sawa ningelala hapa?"

Akapiga nduru hiyo. Nduru ya mtu aliyezoea kuita wateja barabarani, ikashuka ngazi zote mpaka uani, na sasa milango ya chuma ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Msimamizi akaitwa, akaenda kutafuta yule mtu wa kuchomelea aje akate komeo. Wengine walisimama wakisema pole, pole sana shosh. Yeye hakusimama. Alivuta nepi ya mtoto begani kwake, akaichovya kwenye mtungi wangu, akapenyeza kona yake chini ya mlango. Nikafyonza. Akachovya tena, nikafyonza tena. Nikianza kufumba jicho alikuwa akinichokoza.

"Shosh, usilale. Bado tuna kesi ya pegi zangu zilizovunjika."

"Pegi zako zilivunjika zenyewe."

"Wewe ulizivunja na wivu wako."

"Wivu wa nepi?"

Akacheka, kisha nikaona jicho lake limejaa machozi, na mkono wake ukaingia mpaka kwenye vifundo kwa sababu upenyo haukuruhusu zaidi. Nikavishika vidole vyake mpaka komeo lilipokatwa.

Hospitalini waliniambia nyonga ina ufa lakini haikuvunjika, na presha ilikuwa juu. Walinilaza, wakanipa dawa, wakanirudisha na fimbo ya kutembelea. Ploti nzima walikuja kuniona. Walileta machungwa, mkate, mwingine supu ya miguu ya ng'ombe. Kila mmoja alikaa ukingoni mwa kitanda akasema pole, na kila mmoja, kabla hajatoka, aliona lazima aongeze, "Lakini maji yako tulikuwa tunakupandishia." Ni kweli walipandisha. Nilitaka kukasirika nao, nikakosa pa kushika. Utamgombeza vipi mtu kwa kukubebea maji ghorofa nne? Nikasema Mungu awalipe, na nilipokuwa peke yangu nikatazama ile mitungi yenye kitambaa chekundu, nikakitoa kile kitambaa.

Siku hizi, Jumanne na Ijumaa, nashuka mwenyewe na kigoda na fimbo yangu. Nakaa kando ya mitungi yangu mpaka ijae. Wananiambia, "Shosh, panda tu upumzike, mtungi wako si uko kwa laini?" Nawaambia naota jua. Nimesikia kuna waliokasirika, wanafikiri nimeanza kushuku kwamba wananiruka. Wacha wafikiri.

Kilichoniuma zaidi ni cha huko juu. Mwanamke wa ghorofa ya tano hakuweza kugombana nami tena. Nikipanda na beseni, anatoa nguo zake haraka. "Anika tu, shosh, mimi nitangoja." Leso zangu nazikuta zimenyooshwa, pegi kila moja mahali pake. Heshima iliingia kati yetu ikakaa. Nilimchokoza mara nyingi. Nilianika laini nzima siku ya jua, nikajifanya nimesahau. Aliikunja kila nguo akaniletea mlangoni, akaniuliza dawa nimemeza. Nikamwambia mtoto wake ana makelele usiku, akasema pole, atajaribu kumnyamazisha. Laini ya mama yangu, ile ya maneno yasiyoumiza, ndiyo tuliyobaki nayo, na mimi nilikuwa naitamani ile nyingine.

Kisha mwisho wa mwezi mmoja nikaona pikapu uani, na godoro lake likishushwa ngazi. Mume alikuwa amepata kazi ya mchana, wamepata bedsita, chumba chenye choo ndani, huko mtaa wa Tena. Alikuja kuniaga na mtoto mgongoni. Alinipa mkebe wa mafuta ya kukaangia uliojaa pegi zake, nzima na mbovu.

"Chukua zote," akasema. "Usije ukasema nimekuibia."

"Nitasema tu," nikamjibu.

Aliandika mwenyewe nambari yake kwenye simu yangu, akaniambia laini hii haizimwi, nipige wakati wowote. Nimepiga. Anashika kila mara, hilo lazima niseme. Lakini mtoto analia, mafuta yanarukaruka, wateja wanamwita, na ananiambia kwa haraka, "Shosh wangu, nitakupigia jioni." Jioni ndiyo saa yake ya chipsi, mimi najua na yeye anajua. Huo mtaa wa Tena si mbali. Kwa magoti yangu na fimbo hii, ni mbali.

Chumba cha juu amehamia kijana asiye na mke. Nguo zake hupeleka kwa mama wa kufua, na sidhani kama anajua kwamba ana nusu ya laini huko juu. Kwa hiyo laini yote sasa ni yangu, mwanzo mpaka mwisho. Naweza kuanika blanketi, leso, mashuka na matambara ya deki, na nafasi ikabaki.

Wiki iliyopita nilianika lile blanketi zito, mvua ikaja. Sikupanda kulitoa. Nilikaa kitandani, mlango nimeurudishia tu bila komeo, nikasikiliza ngazi. Watu walipanda, watu walishuka, wengine wakasema habari ya jioni shosh. Blanketi lilinyeshewa Jumatano, likakauka, Alhamisi likanyeshewa tena. Mpaka Ijumaa nilipopanda mwenyewe kulishusha, hakuna mtu aliyekuwa amekuja kuniuliza laini ni ya baba yangu.